Maduka madogo ya vepu Marekani dhidi ya mabunge ya majimbo: walishinda wapi, walipigwa wapi

Karani wa Ng'ambo (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna uzi ulipita hapa, mdau mmoja akadai kwamba Marekani mwenye duka dogo hana sauti bungeni, sheria zote zinanunuliwa na wakubwa. Mwingine akamjibu kwamba kule ukipiga simu tu kwa mbunge wako mambo yananyooka. Wote wawili nawaona wamekosea, ila ule uzi uliishia kwenye mambo ya Simba na Yanga, kwa hiyo naanzisha wa kwangu.

Mimi kazi yangu ni kuandika mahesabu ya biashara ndogo kusini mwa Indiana na ng'ambo ya mto Ohio, upande wa Louisville, Kentucky. Wateja wangu ni sheli, vinyozi, maduka ya simu na maduka ya vepu, yaani hizi sigara za kielektroniki. Wenye maduka ya vepu ndio wateja wanaonichosha kuliko wote, maana kila bunge la jimbo likikaa wanaacha kuuza wanageuka wanasiasa. Wamenifanya nijue mambo ambayo sikutafuta kuyajua.

Nianze na Indiana, maana ndiko walikoshinda kwa kishindo.

Mwaka 2015 bunge la Indiana lilipitisha sheria ya kudhibiti utengenezaji wa maji ya vepu, mwaka 2016 wakaikaza, ianze kuuma tarehe 1 Julai 2016. Ukisikia "watengenezaji" usifikirie kiwanda chenye mabomba ya moshi. Enzi hizo duka la kawaida lilikuwa linachanganya maji yake chumba cha nyuma: glisirini, nikotini, ladha ya embe, unatikisa, unabandika lebo. Mwenye duka ndiye huyo huyo mtengenezaji.

Sheria ikasema ukitaka kibali lazima uwe na mkataba wa miaka mitano na kampuni ya ulinzi. Hapo sawa, tunaelewana. Ila kampuni yenyewe iwe na mfanyakazi mwenye cheti cha ufundi wa milango ya chuma ya kukunja inayozuia moto. Pia awepo mwenye cheti cha utaalamu wa vitasa na bawaba za majengo. Na awe ameajiriwa hapo mfululizo kwa mwaka mzima uliotangulia, kwa hiyo hata ukikimbia leo kumsomesha mtu, umeshachelewa.

Milango ya kukunja na maji ya vepu wapi na wapi?

Marekani nzima ikaonekana kampuni moja tu ndiyo yenye sifa hizo, na kwa bahati ya ajabu ilikuwa palepale Indiana, mji wa Lafayette. Ikawa ndiyo inayoamua nani apate mkataba na nani akae nje. Waliopata vibali walihesabika kwa vidole. Watengenezaji wa majimbo mengine wakafungiwa soko, na maduka ya Indiana yakalazimika kununua kwa hao wachache tu. Gazeti la Indianapolis Star likaripoti kwamba hata FBI wameanza kuchungulia jinsi sheria ile ilivyopita.

Wenye maduka walijazana bungeni Indianapolis wakiwa na fulana na mabango, lakini kilichoivunja sheria ni kesi. Watengenezaji wa nje ya jimbo, mmojawapo Legato Vapors wa Kentucky, walishtaki. Mahakama ya kwanza iliwatupa nje. Wakakata rufaa, na tarehe 30 Januari 2017 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba, ile ya shirikisho inayosikiliza rufaa za Indiana na majirani zake, hukumu ikiandikwa na jaji David Hamilton, ikasema Indiana haina mamlaka ya kumpangia mtu wa jimbo lingine ajenge chumba chake vipi na alindwe na nani. Mwaka huo huo bunge lenyewe likaifumua ile sheria.

Sasa shikeni hilo, maana linakuja kuwadanganya wenzetu huko mbele: walishinda kwa sababu sheria ilikuwa mbovu waziwazi. Hata spika wako asingeweza kuitetea kwa uso mkavu.

Naendelea, nipeni muda nimalize chai.

---

Dogo wa Tandale

Nimeweka kambi hapa mkuu. Tiririka.

---

Chuma Kimefika

Cheti cha mlango wa kukunja 😂😂 Yaani mtu alikaa chini akaandika hilo kwa kalamu, na wabunge wakanyoosha mikono.

---

Mama Kelvin

Subirini kwanza. Mimi ni muuguzi na ni mama. Hizo "ladha ya embe" mnazozichekea ndizo zilizoingia mashuleni. Kwa nini tuwaonee huruma hawa watu? Mleta mada ataligusa hilo au anatetea wateja wake?

---

Karani wa Ng'ambo

Mama Kelvin, nitaligusa, na wateja wangu hawatafurahi. Vuta kiti.

Kabla ya hapo Pennsylvania, kwa ufupi. Julai 2016 gavana Tom Wolf alisaini kifurushi cha kuziba pengo la bajeti, ndani yake kodi ya asilimia 40 ya bei ya jumla kwa bidhaa za vepu, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2016. Kodi kwenye mzigo mpya unaweza kuirusha kwa mteja. Kilichowaua ni kwamba ilipigwa pia kwenye mzigo uliokuwa tayari umekaa kwenye rafu. Fikiria mtu ana bidhaa za dola 50,000 dukani, alishazilipia zote, halafu anaambiwa ndani ya siku 90 alete dola 20,000 taslimu kwa jimbo. Hajauza hata chupa. Zaidi ya maduka 100 yalifungwa.

Waliobaki wakaunda chama, wakaenda Harrisburg, kwenye bunge la jimbo, na daftari zao. Seneta Camera Bartolotta akawabebea muswada wa kufuta asilimia 40 na kuweka senti 5 kwa kila mililita. Haukufika mwisho, kwa sababu hesabu za bajeti zilikuwa zimeshaanza kuhesabu ile pesa. Serikali ikishaonja kodi, kuirudisha ni kumpokonya fisi mfupa. Walichopata ni kipande kupitia mahakama ya jimbo mwaka 2018: betri na vipuri vinavyouzwa peke yake visitozwe.

Kwa hiyo somo lao la kwanza lilikuwa chungu: muswada wa kodi unatakiwa kuuwahi kabla namba haijaingia kwenye bajeti. Ikishaingia, unayembembeleza hapo siyo mbunge tena, ni mhasibu wa jimbo.

---

Mzawa wa Pangani

Kariakoo Mei 2023 walifunga maduka, siku ya tatu Waziri Mkuu yuko Mnazi Mmoja anawasikiliza. Hawa wa Pennsylvania kwa nini wasifunge wote kwa pamoja?

---

Karani wa Ng'ambo

Swali zuri. Kariakoo ikifunga, Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura wanasikia, na serikali inakosa mapato siku hiyo hiyo. Maduka ya vepu yakifunga, mteja anavuka barabara anaingia sheli ananunua Marlboro au Vuse, vepu ya kampuni kubwa ya sigara. Tena huyo mkubwa wa tumbaku, anayewapiga vita bungeni, anapata mauzo ya bure. Mgomo kwao ni kumpa mpinzani chakula.

Silaha yao ni nyingine, ni wateja. Hawa jamaa wana kitu ambacho sheli hazina: mteja anakaa dukani nusu saa anaonja ladha na kupiga soga. Wengi wao ni watu wazima walioacha sigara, na wana hasira ya kumaliza. Kaunta inakuwa kituo cha kampeni. Kadi yenye jina la mbunge wa eneo na namba ya ofisi yake inawekwa pale penye chenji. Mteja anapiga simu palepale akisubiri mzigo wake. Chama cha watumiaji kinachoitwa CASAA kiliwafundisha mbinu hizi: muswada ukisomwa tu kwenye kamati, wanachama wa jimbo lile wanapata ujumbe wenye maneno ya kuanzia na tarehe ya kusikilizwa.

Kilele chake kilikuwa 2019.

---

Karani wa Ng'ambo

2019, msimu wa mapanga.

Kiangazi kile watu walianza kulazwa na mapafu yaliyoharibika. Hadi Februari 2020 zilihesabika kesi 2,807 na vifo 68. Baadaye ikabainika mshukiwa mkuu ni aina ya mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vepu za bangi, nyingi za mtaani. Lakini Septemba 2019 nani alikuwa na muda wa kutenganisha? Televisheni zilionyesha kijana kwenye mashine ya kupumulia, na nyuma yake picha ya duka la vepu.

Magavana wakachomoa amri za dharura. Michigan, gavana Gretchen Whitmer akatangaza marufuku ya ladha tarehe 4 Septemba. New York wakafuata. Massachusetts, Charlie Baker hakutaka utani: tarehe 24 Septemba alisimamisha uuzaji wa vepu zote kwa miezi minne. Unafungua duka asubuhi, jioni bidhaa yako yote ni haramu.

Michigan ndiko mwenye duka mmoja wa Houghton, mji mdogo wa juu kabisa kaskazini, alipokwenda mahakamani. Tarehe 15 Oktoba jaji Cynthia Stephens akatoa zuio la muda. Sehemu ya hoja ilikuwa hii: serikali ilikuwa na takwimu za vijana miezi kadhaa nyuma ikakaa nazo, sasa "dharura" imetoka wapi ghafla? Mtu mwenye duka dogo mwisho wa dunia akasimamisha amri ya gavana. Wakati ule wateja wangu walisherehekea kana kwamba wao ndio walioshtaki.

Wakati huo huo, tarehe 11 Septemba, Trump naye akatangaza kufuta ladha nchi nzima. Hapo ndipo kauli yao ya "tunavuta mvuke, tunapiga kura" ilipowaka. Tarehe 9 Novemba wakajaa karibu na Ikulu, Washington, wenye maduka na wateja wao. Hoja ilikuwa rahisi: majimbo yanayoamua uchaguzi yamejaa maduka haya, hesabu kura zetu. Trump akarudi nyuma. Sera iliyotoka tarehe 2 Januari 2020 ikabana vile vichupa vidogo vya kuchomeka vyenye ladha, kama vya Juul, ikawaachia tangi za kujaza zinazouzwa kwenye maduka yao.

Ushindi, siyo? Ila sera ile iliacha mwanya mwingine. Vepu za kutumia na kutupa hazikubanwa. Ndani ya muda mfupi nchi ikafurika vifaa vya rangi ya pipi kutoka China. Mama Kelvin, sasa naja kwako.

---

Mama Kelvin

Nakusikiliza.

---

Karani wa Ng'ambo

Mwaka 2019 utafiti wa kitaifa ulikuta asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za juu wametumia vepu ndani ya siku 30 zilizotangulia. Zaidi ya mmoja kwa kila wanne. Wenye maduka wakawa na jibu moja kila kamati: "Siyo sisi, ni Juul, ni sheli, sisi tunaangalia vitambulisho." Na kwa sehemu kubwa ni kweli, duka la vepu lenye mlango wa watu wazima tu siyo ndiko mtoto anakopenya kwa urahisi.

Lakini mimi naona mahesabu yao, wakuu. Mwaka 2018 faida ilikuwa kwenye tangi, koili na chupa za maji. Kufika 2022 kwenye maduka niliyokuwa nashika vitabu vyao, vifaa vya kutupa vilikuwa vimekula zaidi ya nusu ya mauzo. Vina taa, vina michezo ya kuchezea kwenye kioo chake. Mzee wa miaka 55 anayekimbia sigara anahitaji kifaa chenye mchezo wa kielektroniki? Mteja wangu mmoja nilimwambia: ukienda bungeni kusema wewe ni kimbilio la wavuta sigara, ondoa kwanza hicho kitu kwenye dirisha la mbele. Akasema kikiondoka pango halilipiki. Wote tulinyamaza.

Haki itendeke pia: mwaka 2024 utafiti huo huo ulikuta vijana wa sekondari zote, za chini na za juu, ni asilimia 5.9. Imeshuka sana. Bungeni hakuna anayekumbuka namba iliyoshuka.

---

Mama Kelvin

Nashukuru kwa ukweli. Asilimia 5.9 ya wanafunzi wa nchi ile bado ni zaidi ya watoto milioni moja na nusu. Kwangu hiyo siyo namba ya kupongezana. Ila endelea, nataka kujua hao wakubwa wanaingiaje.

---

Wakili wa Kijiweni

Mkuu, usiruke FDA. Bila hiyo watu hawataelewa sheria za orodha.

---

Karani wa Ng'ambo

Sahihi wakili. Nitaifupisha.

Mwaka 2016 FDA, mamlaka ya chakula na dawa, iliziweka vepu chini ya sheria ya tumbaku. Bidhaa yoyote ambayo haikuwepo sokoni tarehe 15 Februari 2007 lazima iombe kibali. Mwaka 2007 vepu Marekani ndiyo kwanza zinaingia, kwa hiyo ni karibu zote. Kila ladha, kila kiwango cha nikotini, ombi lake na utafiti wake. Mwisho wa kuomba ukawa tarehe 9 Septemba 2020. Yakaja maombi ya bidhaa zaidi ya milioni 6. Karibu yote yakakataliwa. Hadi Julai 2025, Juul iliporuhusiwa, zilizopita zilikuwa 39. Za nani? Vuse ni ya R.J. Reynolds. NJOY ilinunuliwa na Altria, wenye Marlboro, mwaka 2023 kwa dola bilioni 2.75. Logic ni ya Wajapani wa tumbaku. Duka lako la kona halimo, na maji yake ya embe hayamo.

Ila FDA haina askari wa kutosha kwenda kila duka. Bidhaa haramu zikaendelea kuuzwa mchana kweupe miaka na miaka. Hapo ndipo wakubwa wa tumbaku wakaona mlango: kama serikali kuu haiwezi kusimamia, tuyape majimbo kazi hiyo. Zikaanza kuzaliwa sheria za orodha. Jimbo linaweka orodha ya bidhaa zilizoruhusiwa na FDA, au ambazo ombi lake bado liko kwenye foleni. Kisichokuwa kwenye orodha, ukikiuza unapigwa faini. Alabama, Oklahoma, Louisiana, North Carolina, Virginia, zimesambaa. Shirika la habari la AP liliandika wazi kwamba kampuni kubwa za tumbaku ndizo zinazoisukuma miswada hii jimbo kwa jimbo.

Hii siyo sheria ya mlango wa kukunja. Imeandikwa vizuri. Mbunge anaisoma anaona inasema "usiuze kilichokatazwa na serikali kuu". Utaipingaje bila kuonekana mhalifu?

Angalia Wisconsin walivyofanyiwa. Mwaka 2023 kulikuwa na muswada mkubwa wa kupanga upya biashara ya pombe: bia, mvinyo, kumbi za harusi. Wenye maduka ya vepu hawakuwa wanaufuatilia, utawahusu nini? Dakika za mwisho mwezi Novemba ndani ya muswada ule wa pombe ikachomekwa orodha ya vepu. Gavana Tony Evers akausaini Desemba. Faini dola 1,000 kwa siku kwa kila bidhaa. Ukiwa na ladha 10 zisizo kwenye orodha, ni dola 10,000 kila siku ya Mungu. Walipoamka imeshakuwa sheria, kuanza tarehe 1 Septemba 2025. Chama chao kikaenda mahakama ya shirikisho, na mwishoni mwa Agosti 2025 jaji William Conley akakataa kuisimamisha.

---

Bukavu-Lexington

Salamu kwenu wote. Mimi niko Lexington, na niko na ndugu wa damu anataka kufungua duka ya vepu huku. Kentucky iko namna gani? Nasikia walipigana sana.

---

Karani wa Ng'ambo

Karibu ndugu. Kentucky niliiona kwa macho.

Mwaka 2024 ulikuja muswada HB 11 wa mbunge Rebecca Raymer, orodha ile ile. Mteja wangu aliniomba nimsindikize Frankfort, kwenye bunge la jimbo, kwa sababu alitaka mtu wa kueleza namba. Tulikaa ukumbini asubuhi. Upande mmoja wenye maduka, fulana nyeusi, wengine wameandika karatasi mkono unatetemeka, wamefunga maduka yao siku hiyo. Upande wa pili washawishi wa kulipwa, suti za kijivu, wanaitana na wabunge kwa majina ya utani na kuulizana habari za watoto vyuoni. Hawakuomba hata kuzungumza. Kazi yao ilishamalizika korido wiki nyingi nyuma.

Mteja wangu alipopewa dakika zake alieleza jinsi mama yake alivyoacha sigara. Ilikuwa ya kugusa. Mbunge mmoja akamkatiza kwa upole: "Una wafanyakazi wangapi, na wako kaunti gani?" Akajibu sita, akataja kaunti. Yule mbunge akaandika. Katika maelezo yote yale, hicho ndicho pekee kilichoandikwa kwenye karatasi. Tangu siku hiyo kila anayeniomba ushauri namwambia aanze na wafanyakazi, kaunti na kodi anayolipa. Mama aje baadaye.

Muswada ulipita, gavana Andy Beshear akasaini, ukaanza kazi tarehe 1 Januari 2025. Chama cha maduka kilishtaki, hakikufanikiwa.

---

Wakili wa Kijiweni

Niongeze kwenye mahakama. Iowa ilikuwa tofauti. Mei 2025 jaji Stephen Locher alizuia orodha ya Iowa kwa hoja kwamba jimbo linajifanya FDA, na sheria ya chakula na dawa ni FDA pekee anayeisimamia. Sheria karibu pacha, Wisconsin wamekataliwa, Iowa wamesikilizwa. Ndiyo maana vyama hivi haviachi kushtaki.

Na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2025 ilitoa mbili. Tarehe 2 Aprili, majaji wote tisa waliunga mkono FDA kwenye kesi ya watengenezaji wadogo wa Texas walionyimwa vibali. Tarehe 20 Juni, saba kwa wawili, wakasema muuza duka naye anaruhusiwa kupinga mahakamani FDA inapomnyima kibali mtengenezaji. Aliyeleta kesi ya pili? R.J. Reynolds. Alichukua duka la Texas na chama cha wauza mafuta cha Mississippi wawe washirika wake ili ashtaki kwenye mzunguko wa mahakama anaoupenda.

---

Chuma Kimefika

Kwa hiyo huyo huyo anayewafungia duka Kentucky, Texas anawabeba mgongoni aingie mahakamani. Dunia hadaa.

---

Mkenya wa South B

Huku Seneta Catherine Mumma alileta muswada wa 2024 wa kurekebisha sheria ya tumbaku, unagusa vepu na vile vifuko vya nikotini. Kwenye maoni ya umma nilitarajia wenye maduka ya Moi Avenue wajae. Kampuni kubwa ndizo hujua barua ya maoni inaandikwa vipi.

---

Nalubaale

Kampala sheria ya 2015 ilizikataza kabisa, kuingiza na kuuza. Hakuna cha chama hapo.

---

Dogo wa Tandale

Mkuu Karani, kwa hiyo kosa lao kubwa nini? Sema kama unaongea na mimi Tandale.

---

Karani wa Ng'ambo

Dogo, waligawanyika. Ndani ya chama kimoja kuna watu wa aina tatu. Yupo mzee wa tangi na maji, ambaye angekubali hata kesho vifaa vya kutupa vipigwe marufuku. Yupo anayeishi kwa vifaa vya kutupa. Na yupo msambazaji, ambaye ndiye analipa sehemu kubwa ya ada ya chama na mshahara wa mshawishi, kwa hiyo ndiye anayeandika msimamo. Mzigo wake ni nini? Vya kutupa. Basi chama kikienda bungeni kinasema "tusibanwe popote", wakati wabunge walikuwa tayari kusikia "bana hapa, tuachie pale".

Florida mwaka 2024 walionyesha njia nyingine. Muswada ulianza kama orodha kali. Wenye maduka wakafanya kazi na wabunge muda mrefu kabla ya kamati, ukalainishwa hadi Mwanasheria Mkuu wa jimbo akapewa kazi ya kuorodhesha bidhaa zinazovutia watoto tu, na hizo ndizo zinazopigwa marufuku. Wazee wa tangi wakapona. Hawakupenda kila kitu, ila Januari yake walifungua maduka.

Mahakama inakununulia muda, na nimeona muda huo unavyotumika: watu wanarudi kuagiza mzigo badala ya kurudi bungeni. Michigan ule ushindi wa 2019 ulikuwa juu ya amri ya gavana, haukuandika sheria yoyote. Massachusetts ndiyo ilionyesha kinachofuata: wakati kesi za marufuku ya Baker zinasomwa, bunge lilikuwa linaandika ya kudumu. Tarehe 27 Novemba 2019 ikasainiwa, ladha zote nje, ikaja na kodi ya asilimia 75 ya bei ya jumla. Zuio halina kazi tena hapo.

---

Mama Kelvin

Ile ya Florida hata mimi ningeiunga mkono. Kwa nini Kentucky hawakuifuata?

---

Karani wa Ng'ambo

Niliuliza hivyo hivyo kwenye mkutano wa chama, mama. Nikaambiwa mimi ni mtu wa mahesabu.

---

Bukavu-Lexington

Kaka Karani, kwa hiyo ndugu yangu afungue ao asifungue? Jibu ya kweli.

---

Karani wa Ng'ambo

Ndugu, kwa Kentucky ya sasa, aangalie orodha ya jimbo kwanza, ndipo aangalie bei ya rafu. Kwa kilichobaki kisheria, sheli ya jirani inauza vitu vile vile na inauza mafuta na soda juu yake. Wateja wangu wawili waliobaki hai wanaishi kwa bidhaa za katani na vifaa vya kuvutia moshi, na hizo nazo zina miswada yake kila msimu. Mwaka 2025 pia bunge limepitisha muswada SB 100, kila anayeuza tumbaku na vepu awe na leseni. Akikamatwa akiuza kwa mtoto mara kadhaa, leseni inakwenda.

Mkataba wa pango asisaini wa miaka mitano. Kentucky mwaka wa shufwa bunge linakaa siku 60 tu, ila zinatosha.

---

Bukavu-Lexington

Asante sana kaka. Shida, ameisha lipa advansi ya nyumba.

---

Karani wa Ng'ambo

Basi wiki hii amuone mwenye jengo wabadilishe kipengele cha matumizi kwenye mkataba, waandike "duka la rejareja" tu, bila kutaja vepu. Asiagize mzigo kabla hajasaini hilo.